Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuhamia Shambani Bara ya Lamu

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi na ninatarajia kustaafu mwaka ujao. Mimi na mke wangu tumeafikiana kuiuza nyumba yetu ya Barani, kununua shamba katika Kaunti ya Lamu, upande wa bara, na kuishi kwa jasho letu: tule tunachopanda, tunywe maji yetu wenyewe, tutumie umeme wa jua, na dukani tuende kwa nadra. Tutakuwa watu sita, pamoja na mama mkwe wangu, kitinda mimba wetu na wajukuu wawili. Mwezi wa Juni uliopita dalali alitupeleka kuona ekari tano karibu na Hindi, na tulipendezwa mno na ukijani wake. Bei ni nafuu kuliko ya Malindi. Je, Kaunti ya Lamu inafaa kwa maisha ya namna hiyo, na mtu aipimeje kabla hajatoa pesa zake? — Mwalimu, Barani, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Kinachonitia wasiwasi kwanza katika barua yako ni huo mwezi wa Juni. Bara yote ya Lamu hupendeza mwezi wa Juni. Wastani wa mvua ya Lamu ni kama milimita 900 kwa mwaka, kiasi ambacho mtu akikisoma kwenye karatasi ataona kinatosha mahindi na mboga bila taabu. Lakini karibu theluthi moja ya mvua hiyo humwagika mwezi wa Mei peke yake, Aprili na Juni hubeba sehemu kubwa ya iliyobaki, na vuli, ambayo huko kwenu Malindi bado humpa mkulima matumaini ya kupanda mara ya pili, huku ni hafifu. Januari na Februari kwa pamoja hazifikishi, kwa wastani, hata milimita 20. Kwa hiyo, kaunti hii ina msimu mmoja wa kutegemewa na mwingine wa kubahatisha, na mpango wowote wa chakula unaohesabu mavuno mawili ya mahindi kwa mwaka umeshaharibika kabla ya jembe kugusa ardhi. Dalali anayempeleka mnunuzi mwezi wa Juni anajua anachofanya. Rudi mwishoni mwa Februari au katikati ya Machi, kaskazi ikiwa imekwisha kuzikausha nyasi zote, ulione shamba lilelile lilivyo.

Halafu, Mwalimu, usiipime kaunti, pima mahali. Kaunti ya Lamu ina visiwa, yaani Amu (kisiwa cha Lamu chenyewe), Manda, Pate, Ndau, Kiwayu na vingine vidogo, na ina bara inayoanzia mpakani mwa Tana River, ikapita Witu, Mpeketoni na Hindi, ikaendelea hadi Kiunga karibu na Somalia. Mvua hupungua kadiri unavyoelekea kaskazini-mashariki. Ukanda wa Mpeketoni, uliofunguliwa kwa makazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kando ya Ziwa Kenyatta, ambalo wazee wengi bado wanaliita Mkunguya, ndio unaolima mahindi, pamba, korosho na maembe, na mboga nyingi zinazouzwa sokoni Amu hutoka huko na kuvushwa kwa mashua kutoka Mokowe. Ukipita Hindi kuelekea msitu wa Boni na Dodori, hali ni nyingine kabisa. Hata ndani ya kijiji kimoja, shamba lililo kwenye bonde lenye udongo tifutifu na lile lililo juu ya maweni, ambako jembe hugonga matumbawe baada ya shubiri moja, hayalingani kwa lolote isipokuwa jina la kijiji. Chimba mashimo manne au matano ya kufika kiunoni katika pembe mbalimbali za hizo ekari tano, uangalie kilicho chini. Anayekataa usichimbe shamba lake, mwache nalo.

Maji ndiyo yatakayoamua, na hapa nitakaa kidogo. Katika pwani yetu maji baridi ya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Wataalamu wana kanuni kwamba kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. La kuogopwa ni kinyume chake: ukiyashusha maji ya kisima kidogo tu kwa kuyavuta mno, chumvi hupanda kwa kiasi kikubwa kutoka chini. Ndiyo maana kisima kilichotoa maji matamu kwa ndoo na kamba miaka mingi hugeuka chumvi baada ya mwenyewe kukifungia pampu akitaka kumwagilia nyanya. Mji wa Amu wenyewe huishi kwa maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huinywa mvua na kuitunza, na kila mara mtu anapotaka kujenga juu ya vilima hivyo ugomvi huzuka, tena kwa haki.

Basi usimuulize muuzaji kama kisima kina maji. Waulize akina mama wanaochota, mwezi wa Machi, katika visima vitatu vya jirani vilivyo pande tofauti za shamba. Waulize foleni huanza saa ngapi alfajiri, maji huchukua muda gani kurudi baada ya kisima kukauka, na kama maji hayo wanayanywa au wanafulia tu. Kisha teka ndoo moja mwenyewe na unawe kwa sabuni ya mche: povu likikataa kushika, na mikono ikabaki na utando mweupe unaonata, jua maji hayo yana chokaa au chumvi nyingi. Mafundi wa visima wana kipimo kidogo cha mkononi cha chumvi, na ni vyema umlipe mmoja akufuate siku moja. Maji yakizidi miligramu 1,000 za chumvi kwa lita, watu wengi hawayapendi kinywani. Maharagwe na mboga laini hudhoofika mapema, mahindi hufuata, na mnazi huendelea kuvumilia. Pima asubuhi kabla maji hayajachotwa, kisha pima tena jioni, kisima kikiwa kimeshachoka. Maji ya asubuhi na ya jioni yakilingana, kisima hicho kina nguvu. Yakitofautiana sana, bustani yako ya umwagiliaji itakufa katika mwaka wa kwanza wa kiangazi kirefu. Wala usitegemee ziwa. Ziwa Kenyatta limewahi kukauka katika miaka ya ukame, na viboko wake wakafia topeni.

Hata kisima kikiwa kizuri, maji ya kunywa yatoke paani. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mabati la mita za mraba 60, ukitoa asilimia 20 inayopotea, litakupa karibu lita 43,000 katika mwaka wa wastani. Ni maji mengi, lakini ukumbuke ule mwezi wa Mei: huo peke yake utaleta kama lita 15,000, na mwenye tangi la lita 5,000 atayaona maji yake mengi yakimwagika mchangani. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, siku kama 100 za kiangazi kutoka katikati ya Desemba hadi mwishoni mwa Machi zitadai lita 12,000, na hapo ng'ombe hajanywa, naye hunywa lita 30 na zaidi kwa siku. Kwa hiyo panga matangi mawili ya lita 10,000 kabla hujafikiria rangi ya kuta. Kuna jambo ambalo sisi watu wa pwani hujidanganya nalo: nyumba ya makuti ina ubaridi wake, nami sina ugomvi nayo, lakini maji yake hutoka ya hudhurungi na yamejaa vumbi la makuti. Iezeke nyumba ya kulala makuti kama moyo wenu unataka, lakini jiko, ghala na banda viwe na mabati na mifereji, na jumla ya mapaa hayo ndiyo uipigie hesabu.

Baada ya maji ni karatasi. Bei nafuu ya Lamu ina sababu zake, na nyingi zimo ndani ya historia ya ardhi yenyewe. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini-mashariki ya Kenya ijiunge na Somalia, Wabajuni wengi waliokuwa na vijiji na mashamba bara walikimbilia visiwani na kwingineko, na wengine wao au watoto wao bado wanayadai mashamba hayo. Miaka ya 1970 ikaja miradi ya Serikali ya kugawa mashamba, iliyoleta wakulima kutoka sehemu nyingine za Kenya. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari mpya ya Lamu na njia za kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini, ulipozinduliwa mwaka 2012, na hatimaye gati la kwanza la bandari mpya likafunguliwa Kililana mwezi wa Mei 2021, watu wa mbali walikimbilia kununua ardhi ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Na mwaka 2014 Serikali ilitangaza kufuta hati za takriban ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 katika kaunti hiyohiyo. Shamba la ekari tano karibu na Hindi, barabara ya kwenda bandarini ikiwa si mbali, limo katikati ya habari hiyo yote.

Muulize muuzaji ana nini mkononi, kwa maana watu hulitaja neno "karatasi" wakikusudia vitu vinne au vitano tofauti. Yupo mwenye hati miliki kamili. Yupo aliyepewa shamba la mradi na bado anadaiwa na Serikali, na hati haiwezi kuhamishwa mpaka deni hilo lilipwe na kuondolewa kwenye daftari. Yupo mwenye barua ya ugawaji tu. Yupo anayeuza sehemu ya ardhi ya jamii, ambayo chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 si yake kuiuza peke yake hata kama ameilima miaka 30. Na yupo, ambaye ni wengi kuliko wote, anayeuza shamba la marehemu babake kabla mirathi haijagawanywa, akiwa na ndugu sita ambao wawili kati yao hawajui kwamba kuna mnunuzi. Fanya upekuzi wewe mwenyewe kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, usikubali nakala aliyokuletea dalali. Mlipe mpimaji aliyesajiliwa atembee nawe kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe jingine, majirani wakishuhudia. Hakikisha mke au mume wa muuzaji ametia sahihi ya idhini. Kisha, kwa kuwa hili ni shamba la kilimo, lazima muombe kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi sita tangu kutiwa sahihi kwa makubaliano. Bila kibali hicho mauziano huwa batili kisheria, na unachobaki nacho ni haki ya kudai pesa zako kutoka kwa mtu ambaye huenda ameshazitumia. Dalali anayesema mambo ya Bodi mtayamaliza baadaye, mlipe chai yake na uachane naye.

Sasa chakula. Kadirio la kawaida la nchi hii ni gunia moja la mahindi la kilo 90 kwa mtu mmoja kwa mwaka, hivyo nyumba yenu inahitaji magunia sita, na moja au mawili ya akiba. Mkulima wa kawaida wa pwani asiyetumia mbolea ya kutosha akipata magunia manne kwa ekari, hajafanya vibaya. Hapo ekari mbili zimeshakwenda kwa mahindi peke yake, tena kwa mwaka wa mvua nzuri. Tafuta mbegu zilizotengenezewa joto na mvua ya pwani, zile za jamii ya Pwani Haibridi, wala usibebe mbegu ya nyanda za juu kwa sababu shemeji yako wa bara anaisifu. Lakini nguzo yenu isiwe mahindi. Iwe muhogo, ambao hungoja ardhini mpaka mtakapouhitaji, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kimetoa aina kama Tajirika, Karembo na Shibe, ambazo zimechaguliwa kwa ajili ya pwani na hustahimili ugonjwa wa batobato kuliko mbegu nyingi za jirani. Kunde na pojo, ambazo hukomaa kwa muda wa kama miezi miwili, ndizo za kuijaribu vuli: ikija mnavuna, isipokuja mmepoteza vibaba vichache vya mbegu.

Kuhusu miti nitakwambia jambo ambalo mtu wa miaka 30 hahitaji kuambiwa. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki hungoja miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, na mkorosho mitatu au minne. Ukinunua pori tupu kwa bei ya chini, sehemu kubwa ya kustaafu kwako itapita ukitazama miche. Afadhali ulipe zaidi upate shamba dogo lenye minazi iliyokwisha kuzaa na miembe mikubwa, maana hicho ndicho unachokosa wewe, muda. Lakini uulize miti hiyo ni ya nani. Pwani yetu mtu anaweza kumiliki ardhi na mwingine akamiliki minazi iliyo juu yake, kwa kuwa aliipanda yeye au babu yake. Hati miliki haitalisema hilo, na mwenye minazi atatokea na mkwezi wake wiki ya kwanza mkihamia.

Mavuno nayo yana adui wa kimyakimya, ambaye ni unyevu wa hewa. Mahindi yaliyotoka shambani Agosti hayahifadhiki mpaka unyevu wake ushuke chini ya asilimia 13.5, yakihifadhiwa mabichi huota ukungu na kuingia sumukuvu, ambayo haiondolewi kwa kupikwa. Kama huna mashine ya kupimia, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kiasi cha theluthi moja, ongeza punje za mahindi, itikise kwa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ikianguka chini yote, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, basi yaongezee jua kidogo kabla ya kuyapeleka ghalani. Yakisha kukauka yatieni katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwafisha dumuzi bila dawa.

Wanyama wa porini usiwachukulie mzaha. Nyati, viboko, ngiri na nyani humaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja, na ingawa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia, malipo huchelewa mno kiasi kwamba huwezi kuyaweka katika hesabu ya chakula. Ng'ombe wa maziwa wa kigeni msahau, kwa sababu mbung'o, nzi waenezao ugonjwa wa nagana kwa mifugo, bado wapo katika vichaka vingi vya bara ya Lamu. Anza na mbuzi wa kienyeji na kuku waliochanjwa kideri. Umeme wa jua hauna shida. Jua lipo la kutosha, na kinachokula pesa ni betri.

Usalama lazima utajwe. Shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, na operesheni ya kiusalama iliyofuata mwaka 2015 katika msitu wa Boni, ziliwafanya wakulima wengi wa pembezoni kulala vijijini na kwenda mashambani mchana tu, na vipo vitongoji ambavyo baadhi ya watu hawajarudi. Katika kila mahali utakapopatazama, swali langu lingekuwa hili: majirani wa shamba hili wanalala hapa? Nenda jioni ukaone taa ngapi zinawaka. Muulize chifu na wazee wa nyumba kumi, nao watakueleza pia kuhusu wafugaji wanaoteremka na mifugo yao miaka ya ukame, na jinsi ugomvi wa malisho unavyosuluhishwa pale. Ukiona hakuna anayejua unasuluhishwaje, hilo nalo ni jibu.

Mama mkwe wako pia ni kipimo, Mwalimu, usinielewe vibaya. Hospitali kubwa ya kaunti iko kisiwani Amu, na kutoka bara ni lazima kuvuka kwa boti kutoka Mokowe. Mpeketoni wana hospitali yao bara. Pima umbali huo kwa saa, usiku, wakati wa mvua, njia ya udongo ikiwa imelowa, wala usiupime kwa kilomita za kwenye ramani.

Hukumu yangu ni hii. Ukanda wa Mpeketoni hadi Witu unaweza kuilisha familia ya watu sita kwa sehemu kubwa, ikiwa kisima ni kizuri na miti ipo. Kujitegemea kikamilifu, hapana. Wazee wetu wa Amu nao hawakuishi kwa shamba peke yake: walilima bara, wakavua, wakakata boriti, wakasafirisha kwa majahazi, na kila kimoja kiliziba pengo la kingine. Pengo lenu litazibwa na pensheni yako, basi isiguswe kununulia ardhi. Hizo ekari tano za Hindi usizinunue sasa. Ipangisheni nyumba ya Barani, mkodishe shamba la mtu Mpeketoni au Witu kwa mwaka mzima, kuanzia Januari hadi Januari, mlime humo humo, mteke maji humo humo, na mke wako awe na kura ya turufu katika uamuzi wa mwisho, kwa kuwa ndoo nyingi zitapita mikononi mwake na si mwako.

SWALI: Mhariri, nakuamkia. Mimi ni mjane, ninaishi Gongoni. Marehemu mume wangu ameniachia ekari nane Magarini ndani, mbali na bahari. Watoto wanasema niuze nikanunue Witu, ambako mvua ni afadhali, nikaishi kwa kilimo. Nifuate shauri lao? — Mama wa watoto wanne, Gongoni

JIBU: Pole sana kwa msiba, Bibi. Kwanza, shamba likiwa bado liko kwa jina la marehemu, huwezi kuliuza wewe wala watoto mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi na kuithibitisha, au Mahakama ya Kadhi igawanye urithi kwa wanaotumia sheria ya Kiislamu. Anayetaka kukupa pesa kabla ya hapo anataka bei ya kutupa.

Watoto wana hoja kuhusu mvua. Serikali ilianzisha mradi wa makazi wa Magarini mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia, ikagawa mashamba na kufyeka vichaka, na kilichouangusha zaidi ni kwamba maji ya ardhini hayakutosheleza matumaini ya wapangaji, mvua nazo hazikuifuata kalenda yao. Lakini somo la mradi huo si kwamba Magarini haikaliki. Wagiriama walikuwa wakiishi huko kabla ya mradi na wanaishi huko hadi leo, kwa kuwa hawaiombi ardhi hiyo mahindi ya kila mwaka. Wanafuga mbuzi, wanapanda muhogo, wana mikorosho, na wanaweka akiba ya mwaka mzuri kwa ajili ya mwaka mbaya. Ekari nane zinatosha maisha ya namna hiyo kuliko ekari mbili ambazo bei yake itakupatia Witu, ukishalipa dalali, mpimaji na lori la vyombo.

Kama shamba lenu liko karibu na Mto Sabaki, basi lina thamani ambayo watoto hawajaiona. Ukitaka kuvuta maji kwa pampu utahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na bustani isiwe chini kabisa ukingoni, kwa sababu mto huo hufurika, kama ulivyofanya wakati wa El Nino ya 1997 na tena mwishoni mwa 2023, na mamba wake hawana likizo. Ningeanza kwa tangi na mabati, mbuzi jike sita wa kienyeji na nusu ekari ya muhogo. Kama kuna mtoto anayetaka kuhamia Witu, aende akakodishe kwa pesa zake.

SWALI: Mhariri, sisi vijana wa Faza tumechoka kununua kila kitu kinachoshushwa gatini Mtangawanda. Je, kisiwani Pate mtu anaweza kujilisha mwenyewe? — Kijana, Faza

JIBU: Samaki, nazi, muhogo na mbuzi, ndiyo. Mahindi na mchele, la, na msijisumbue. Kazi yenu kubwa ni jabia. Wazee waliijenga kwa akili: uwanja mpana uliosakafiwa kwa chokaa, wenye mteremko wa kuipeleka mvua katika birika lake. Nyingi zimepasuka sakafu au zimegeuzwa njia ya punda. Kabla ya masika, mwezi wa Machi, zibeni nyufa zote, zungusheni ua wa miti ili mifugo isipite, na mfagie uwanja wote. Mvua ya kwanza iachieni imwagike nje kwa kuziba mdomo wa birika kwa gunia lililojazwa mchanga, kwa maana hiyo ndiyo inayoosha kinyesi cha ndege na vumbi la miezi mitatu. Ya pili ndiyo muiingize. Ndani ya birika tieni samaki wadogo wa maji baridi watakaokula mabuu ya mbu. Mboga zenu zipandeni upande ule ambako maji ya kunawia na kufulia humwagika, ili ndoo moja ifanye kazi mara mbili.